Siga kwa Meza, Moshi kwa Mapafu ya Weita

Siku ingine ukipanda ndege, cheki poa mlango ya choo. Kuna ile picha ya fegi imekatwa na mstari nyekundu, na hapo karibu kuna ashitrei ya chuma. Wasee wengi wakiiona hudhani hii ndege ni ya kitambo sana. Zii. Hata ndege imetoka kiwandani juzi huwa nayo, ju sheria za usalama za Marekani zinasema lazima iwekwe. Na hiyo sheria ilikuja baada ya watu 123 kudedi.

Hiyo risto ni ya 11 Julai 1973. Boeing 707 ya Varig, kampuni ya Brazil, ilikuwa inatoka Rio de Janeiro kuenda Paris. Ikiwa imebakisha dakika chache itue Orly, moto ikashika kwa choo ya nyuma, hapo kwa pipa ya kutupa tishu. Moshi ikajaa kabini yote, ikasonga mpaka kwa marubani, wakakuwa hawaoni hata saa za ndege. Ilibidi wafungue madirisha yao ndio waone mbele. Wakaishusha kwa shamba ya vitunguu, kama kilomita 5 kabla ya uwanja. Ndani kulikuwa na watu 134. Waliotoka hai ni 11: wafanyikazi 10 na abiria mmoja tu.

Kitu hunishika nikisoma hiyo story ni hii: wengi wao hawakuuawa na kugonga chini. Moshi iliwamaliza ndege ikiwa bado hewani, wamefunga mikanda, wamekaa vile waliambiwa wakae. Wapelelezi waliangalia ni nini ingeweza washa hiyo pipa, na fegi imetupwa bila kuzimwa ilikuwa kati ya vitu walitaja. Ndio 1974 Wamarekani wakatoa amri: ishara ya kukataza kwa kila choo, tangazo kwa abiria, na ashitrei kwa mlango. Waliwajua binadamu. Kuna msee atajificha choo avute, sheria iwepo isiwepo, na akiingiza baridi, afadhali aizimie kwa chuma kuliko aitupe kwa karatasi.

Lakini shida ni, watu waliendelea kuvuta kwa viti zao. Kwa miaka mingine mingi! Ukiuliza mzae yeyote alisafiri miaka ya 1980 atakushow: ulikuwa unaulizwa unataka kukaa upande wa wavutaji ama wa wasiovuta. United Airlines ndio walianza kugawanya viti hivyo, 1971, na baada ya miaka mbili ikakuwa lazima kwa mandege zote za Marekani. Mara ingine mpaka yenyewe ilikuwa tu namba ya kiti. Safu ya 19 wanavuta, safu ya 18 hawavuti. Hiyo ni sawa na kusema moshi ya nganya itabaki viti za nyuma, sisi wa mbele tuko fiti.

Na hewa ya ndege haina mchezo. Ndege ikiwa juu kabisa, kabini huwekwa presha ya mahali pana urefu wa mita 1,800 mpaka 2,400. Nairobi iko kama 1,700, so hapo ndani unapumua hewa ya kati ya Nairobi na Limuru, na oksijeni imepungua kiasi. Sasa ongeza moshi ya tumbaku, yenye iko na kaboni monoksidi. Hiyo gesi hushikana na damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kushinda oksijeni. Abiria alikuwa anavumilia masaa matatu, anashuka anaenda keja. Mhudumu alikuwa anashuka, analala, anarudi kesho, na kesho kutwa, miaka ishirini.

Hao wahudumu ndio wasee wa hii story, na hakuna mtu huwataja. Norma Broin alikuwa anachapa wera American Airlines. Hakuwahi vuta fegi. Yeye ni Mormoni na dini yake hairuhusu. 1989, bado hajagonga hata 40, madaktari wakampata na kansa ya mapafu. Oktoba 1991 yeye na wenzake wakapeleka makampuni ya tumbaku kotini huko Miami, kwa niaba ya wahudumu kama 60,000 wenye hawakuwa wanavuta lakini walikuwa wanakula moshi ya wengine kila siku wakiwa kazi. Patty Young, mhudumu mwingine wa hiyo kampuni, alikuwa amepiga kelele miaka mingi kabla hata ya hiyo kesi, watu wakimwona msumbufu. Oktoba 1997 makampuni yakakubali kutoa dola milioni 300 za kufanyia utafiti magonjwa ya moshi ya wengine. Hizo doh hazikuingia mfuko ya Norma. Ziliingia maabara.

Bunge nayo ilikuwa imeanza kusonga. 1986 wanasayansi wakubwa wa Marekani waliandika ripoti ya hewa ya ndege wakasema kuvuta kukatazwe safari zote za ndani ya nchi. Richard Durbin, mbunge wa Illinois mwenye alizika babake ju ya kansa ya mapafu akiwa kijana wa miaka 14, akasukuma sheria mpaka ikapita. Aprili 1988 fegi ikatoka safari za masaa mawili kushuka. Februari 1990 ikatoka za masaa sita kushuka. 1992 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likaomba nchi zote zimalize hiyo maneno kufika Julai 1996. Mwaka wa 2000 Marekani ikafunga kabisa, hata safari za kutoka na kuingia. Na watu waliendelea kupanda ndege.

Kuna kitu nimeruka hapo katikati makusudi, ju ndio imenifanya niandike. Siga haikungoja hizo sheria za 1988. Siga na kiko zilifurushwa kwa mandege za Marekani miaka ya 1970, wakati fegi bado ilikuwa inawashwa kila safu. Yaani serikali ilikuwa bado inavumilia fegi, lakini siga ikawashinda.

Na hiyo siga ndio sai imekuwa luku ya mbogi yetu. Graduu, siga. Besdei, siga. Msee ameget kazi, siga mbili, picha na chupa, mguu juu ya meza. Naelewa, wallahi. Inakaa pesa. Inakaa ni ya wazito wenye wameomoka, na sisi pia tunataka kuonekana tumefika mahali. Lakini ukimuuliza beshte yako atakujibu kitu moja kila saa: "Mi sivuti fegi, na siga huwa siingizi ndani, napuliza tu."

Sasa wacha nikusanue. Moshi ya fegi ina asidi kiasi, ndio maana mvutaji huivuta mpaka kwa mapafu ndio nikotini iingie. Moshi ya siga iko tofauti, ju majani yake hukaushwa na kuchachushwa muda mrefu mpaka moshi inakuwa ya alkali. Ikiwa hivyo, nikotini inapita kwa ngozi ya ndani ya mdomo, hapo kwa mashavu na chini ya ulimi, inaingia damu direkti. Haihitaji mapafu. Kwa hivyo hiyo "siingizi ndani" yako haikati nikotini, na mwili unazoea vile vile. Tena hiyo kuchachusha huacha nitrosamini nyingi, kemikali zenye zinaleta kansa, na jani la kufungia nje halipitishi hewa vile karatasi ya fegi hupitisha, so haichomeki poa na inatoa kaboni monoksidi kibao.

Halafu cheki saizi. Fegi moja ina tumbaku chini ya gramu moja. Siga kubwa huwa na gramu 5 mpaka 17. Moja tu inaweza beba tumbaku ya pakiti mzima ya fegi 20. We unasema umevuta moja usiku wote, mwili unasema umemaliza pakiti. Mdomo, ulimi, koo, umio, hizo ndio sehemu siga hupiga kwanza, na mapafu pia haiachi. Fizi zinaoza, meno yanang'oka.

Sigmund Freud, yule daktari wa akili wa Vienna, alikuwa anamaliza kama siga 20 kwa siku. 1923 wakampata na kansa kwa mdomo, upande wa juu. Alikatwakatwa zaidi ya mara 30. Walimtoa sehemu ya taya, wakamwekea kifaa cha kuziba shimo kati ya mdomo na pua, na kila akikitoa ama kukirudisha ilikuwa mateso. Kuongea shida, kula shida. Bado alikuwa anawasha siga. Huyu ni msee alitumia maisha yake yote kusoma vile akili ya binadamu hufanya kazi, na hakuweza kuiacha. Alidedi London 1939. Ulysses Grant, jenerali na rais wa Marekani, alishinda vita ya Fort Donelson 1862, magazeti yakaandika alikuwa na siga, mashabiki wakamtumia masanduku kwa masanduku. Kansa ya koo ikamchukua Julai 1885.

Mwili ni wako, na we ni mtu mzima. Lakini kwa klabu unawasha hiyo siga hauko peke yako. Siga huwaka saa moja, hata mawili, na muda mwingi haiko mdomoni. Imeegeshwa, inatoa moshi yenyewe kwa ile ncha, na hiyo moshi inaenda kwa siste amebeba trei. Anaingia wera jioni, anatoka alfajiri, madirisha yamefungwa ndio mziki isisumbue majirani. Atakuambia nini? We ndio kastoma, mdosi anamwangalia, na anahitaji tipu ya kupeleka mtoi shule. Ananyamaza, anasmile, anakuletea kiberiti. Mi huwa naona hiyo smile na inaniuma roho.

Na sheria iko, si ati tunangoja. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ilipitishwa 2007. Inakataza kuvuta mahali pa umma na mahali pa kazi, nje ya sehemu imetengwa, na ukishikwa ni faini ya hadi shilingi 50,000, ama jela hadi miezi sita, ama zote mbili. Klabu ni mahali pa kazi ya mtu. Madosi wa klabu, hii ni yenu: sehemu ya kuvutia iwe nje, mbali na kaunta, na hakuna mfanyikazi wa kupeleka oda huko. Mwenye anataka kuvuta aende na glasi yake mwenyewe.

Wale wa vape, msidhani nimewasahau. Kwa ndege imekatazwa vile vile, na vitambuzi vya moshi kwa choo vinaweza kuishika. Tena usiiweke kwa begi ya kuingia chini. Tangu 2015 ICAO ilikataza, ju betri yake ya lithiamu inaweza shika moto kwenye mizigo, mahali hakuna mtu wa kuzima. Ibebe mkononi, imezimwa, na usiicharji humo ndani.

Ka unataka kusare, mwili hauchukui muda kuanza kujipanga. Ndani ya siku moja ama mbili, kaboni monoksidi inakuwa imetoka kwa damu. Nikotini ndio husumbua akili kwa wiki kadhaa: hasira, kukosa usingizi, njaa za ajabu. Hiyo ni kawaida, na si lazima uipitie solo. NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wako na laini ya bure, 1192. Piga tu useme ni fegi, ama siga, ama vape. Ka uko na beshte weita mwenye amekuwa akikohoa bila kuvuta, mpeleke hosi akachekiwe kifua, na amwambie daktari anafanya kazi wapi.