Betty Bigombe, mama aliyemfuata Kony msituni

Mfanyabiashara anayepakia mzigo hapa Ntinda kwenda Nimule leo hasubiri tena msafara wa jeshi pale Karuma. Sisi tuliosomea uhamishoni tunajua amani hiyo haikuja bure.

Bigombe aliteuliwa mwaka 1988 kuwa Waziri wa Nchi wa kutuliza vita kaskazini, akahamia Gulu. Mwaka 1993 na 1994 aliingia msituni kuzungumza na waasi wa Joseph Kony. Februari 1994 Rais Museveni akawapa siku 7 kujisalimisha, mazungumzo yakavunjika.

Baada ya mauaji ya Barlonyo mwaka 2004, aliiacha ofisi ya Benki ya Dunia, Washington, akarudi kuanza upya. Kony hakutia saini hata mwaka 2008, lakini kaskazini bunduki zilikuwa zimenyamaza. Ukivuka Karuma, mkumbuke.