Okidi Yako Inaona Anga Kiasi Gani?

Okidi ya dukani huja na maua tayari, na hapo ndipo mwenye nyumba anapodanganyika. Maua yale hudumu miezi miwili, hata mitatu, kwenye kona yenye giza, kwa sababu mmea uliyawekea akiba ukiwa kitaluni kwenye mwanga wa kutosha. Yakishadondoka, hesabu mpya huanza. Majani yanabaki ya kijani, mwaka unapita, wa pili unapita, ua halirudi. Wengi huongeza maji, wengine hukimbilia mbolea. Mara nyingi kilichopungua ni mwanga.

Mkulima wa kihambani, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba huku Kilimanjaro, hahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Kahawa iliyozidiwa na kivuli hujaa majani ya kupendeza, lakini msimu wa mavuno unakuta matawi hayana kitu. Okidi nayo huishi kwa usanisinuru: mwanga kidogo unatosha kuiweka hai, wa ziada ndio unaoleta ua.

Hakimu mbaya kuliko wote katika kesi hii ni jicho letu. Mboni hupanuka gizani na kujibana penye mwanga, hivyo sebule huonekana angavu muda mfupi tu baada ya kuingia. Namba zinasema vingine. Nje, jua likiwaka, mwanga huweza kupita laksi 100,000. Siku ya mawingu ya kawaida huwa kati ya 10,000 na 20,000. Mita mbili kutoka dirishani mara nyingi haufiki hata 500. Phalaenopsis, ile okidi ya majani mapana inayouzwa sana madukani, hustawi kwenye laksi 10,000 hadi 15,000. Meza ya kahawa katikati ya sebule ni mahali pa kuonyeshea ua lililokwisha kuchanua. Si mahali pa kulilea.

Vitabu vingi vya okidi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vina mengi ya kusema kuhusu dirisha la kusini. Kule jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima, na majira ya baridi huinama hadi likaingia ndani ya nyumba. Huku kwetu ni tofauti: mji wa Moshi uko nyuzi 3 na dakika 20 hivi kusini mwa Ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, kunako Mlima Kilimanjaro. Miezi iliyobaki hupita kusini. Na msimu wowote liko juu sana. Hata mwishoni mwa Juni, linapokuwa limeinama kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, adhuhuri huwa nyuzi 63 juu ya upeo wa macho. Kwa jua hilo, upenu wa paa uliotokeza sentimita 80 hutupa kivuli cha mita moja na nusu ukutani. Dirisha la kawaida linamezwa lote.

Ndiyo kusema kwamba madirisha yetu hayapati jua la adhuhuri. Yanayopata jua la moja kwa moja ni ya mashariki, asubuhi, na ya magharibi, alasiri. La mashariki ndilo bora kwa Phalaenopsis, maana jua la asubuhi halina ukali. La magharibi huchoma, hasa Januari na Februari, na linahitaji pazia jepesi. Ya kaskazini na kusini hutegemea zaidi mwanga wa anga.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza dirisha linaelekea wapi, inama uweke kichwa pale chungu kilipo, kisha utazame nje. Unaona anga? Ukiona ukuta wa jirani, sehemu ya chini ya upenu na matawi ya mti, basi majani nayo yanaona hayo hayo. Toa pia katika hesabu mwanga unaozuiwa na wavu wa mbu uliojaa vumbi, nondo, na vioo vyenye giza vinavyopendwa siku hizi. Huko juu, Kibosho, Machame au Marangu, migomba na miti ya kivuli husogea hadi ukutani, na mawingu hukaa muda mrefu kuliko mjini. Nyumba ya huko inaweza kuwa na dirisha kubwa na bado okidi ikafa njaa.

Kipimo cha pili ni kivuli cha mkono. Chagua siku isiyo na mawingu. Weka karatasi nyeupe juu ya majani, kisha shika mkono sentimita 30 kutoka kwenye karatasi, upande wa dirisha. Kivuli chenye kingo kali kinaonyesha mwanga mkali: Phalaenopsis huuvumilia kwa muda wa saa moja au mbili asubuhi, si alasiri. Kivuli ambacho vidole vinatambulika lakini kingo zimefifia ndicho kinachotakiwa. Usipoona kivuli, hapo ni giza, hata kama wewe unasoma gazeti bila shida. Rudia saa nne asubuhi, saa sita na nusu na saa tisa. Nimetaja saa sita na nusu kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, mashariki ya Moshi, hivyo jua letu hufika juu kabisa karibu nusu saa baada ya saa sita. Programu za simu za kupima mwanga si sahihi sana, lakini zinafaa kulinganisha sehemu mbili za chumba kimoja.

Kisha usome mmea wenyewe. Jani la kijani kilichoiva, linalosifiwa na kila mgeni, ndilo la kutilia shaka: mmea umelijaza klorofili ili unase mwanga mdogo uliopo. Jani lenye afya ni la kijani cha wastani, kinachoelekea umanjano kidogo. Wekundu kwenye kingo ni onyo kwamba mwanga umefika kikomo, isipokuwa kwa aina za maua ya zambarau, ambazo huwa na wekundu chini ya jani kwa asili. Baka jeupe linalogeuka kahawia ni kuungua, na halitapona. Jani likiwa la moto ukiligusa kwa mgongo wa mkono, sogeza chungu leo hii.

Chukua rula. Pima jani jipya lililokomaa ulilinganishe na la chini yake. Jipya likiwa refu zaidi, jembamba na limelegea, mmea unatafuta mwanga. Kwa okidi aina ya Dendrobium tazama mashina: kila shina jipya likiwa fupi na jembamba kuliko la mwaka uliopita, mmea unafilisika polepole. Chungu nacho kinasema: vipande vya mkaa na makumbi ya nazi vikiwa bado vibichi baada ya siku kumi, huenda mmea haunywi kwa kuwa haupati mwanga wa kufanyia kazi. Ukizidi kumwagilia, mizizi itaoza.

Urefu wa mchana Moshi haubadiliki kwa zaidi ya nusu saa mwaka mzima. Kinachobadilika ni mawingu. Juni hadi Agosti hutanda mazito upande wa kusini wa mlima, na huo ndio wakati wa kusogeza chungu karibu na kioo. Ubaridi wenyewe una faida: Phalaenopsis huanza kutoa kikonyo cha maua ikipata wiki kadhaa chini ya nyuzi joto 26 hivi. Mmea mzima uliopita kipindi hicho na Oktoba haujaonyesha kikonyo, usiulaumu ubaridi. Angalia mwanga.

Si okidi zote ni za sebuleni. Cattleya hutaka laksi 20,000 na zaidi, na Vanda ni ya barazani. Ansellia africana, okidi ya kwetu yenye madoa ya kahawia, huota juu ya miti maeneo ya joto na hupenda mwanga mwingi. Usiifuate msituni. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na biashara ya kimataifa ya okidi zote inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Nunua iliyokuzwa kitaluni.

Ukishaamua kuhamisha, hamisha kwa hatua. Jani lililozoea giza huungua likitolewa ghafla, kwa hiyo sogeza chungu kidogo kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja. Safisha wavu, futa vumbi kwenye majani, punguza tawi linaloziba dirisha. Baraza ya mashariki chini ya neti ya kivuli inashinda madirisha mengi. Kama nyumba haina mwanga kabisa, taa ya LED iliyowekwa sentimita 30 juu ya majani kwa saa 12 kila siku itasaidia. Hayo yote yafanye kabla hujanunua mbolea. Mmea uliokosa mwanga hauna kazi nayo.