Ufukwe wa Geita kwa Miguu: Panga Usiku Kwanza

Mtu wa Shinyanga au Kahama akitaka likizo ya kutembea ufukweni, watu humwelekeza Bagamoyo. Mbali kote huko kwa nini, na Ziwa Viktoria liko jirani? Upande wa Geita, kuanzia ghuba ya Nungwe, ambako mgodi mkubwa huvuta maji yake, kuelekea Nkome, kisha kisiwa cha Rubondo na Chato, kuna matembezi ya siku kadhaa yasiyohitaji miguu ya mwanariadha. Kinachosumbua ni mahali pa kulala.

Ndiyo maana hesabu yangu huanza na mwezi, kilomita baadaye. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu ya kuwavuta, na wavuvi wengi husimamisha kazi na kwenda kuona familia zao. Basi siku za mwezi mpevu makambi ya wavuvi mialoni hupata nafasi, na waliobaki wana muda wa kupiga soga. Giza likirudi, kibanda cha mabati hujaa watu na nyavu, wala hakuna atakayehangaika na mtalii.

Fika mwaloni jua likiwa bado juu. Mwone mwenyekiti wa kitongoji au viongozi wa BMU (kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi), toa kitambulisho, sema unatoka wapi na unakwenda wapi. Ziwa hili lina wizi wa nyavu na injini za mitumbwi, kwa hiyo mgeni anayeibuka gizani na begi mgongoni hutiliwa shaka, na mimi siwalaumu. Mwenye hema naye aombe kiwanja karibu na nyumba. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na hatari kubwa ni kukaa kati yao na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Bustani za mboga zimejaa humo hata hivyo, lakini wewe usiweke hema humo.

Mahali ufukwe unapozibwa na matete na mafunjo, njia hupanda vilimani, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Maduara, yaani mashimo yao, yakiachwa hufunikwa na nyasi, hivyo usiache njia inayokanyagwa na wenyeji, na usitembee magharibi ikishaingia. Gesti za machimboni ni za bei nafuu na zina kelele. Rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, ikitokea jirani, hutapata chumba.

Rubondo ndiyo zawadi ya safari. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, yenye kilomita za mraba 456, nusu yake ikiwa maji. Simba na chui hawapo, kwa hiyo kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi ni jambo la kawaida. Nzohe, swala wa kwenye vinamasi, wapo, na sokwe wa huko ni uzao wa wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 kwa juhudi za mwanazuolojia Bernhard Grzimek. Lala kwenye mabanda ya TANAPA, ukiwa umeagiza nafasi mapema. Kwa boti, epuka kuvuka alfajiri yenye wingu zito: usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na radi huzaliwa hapo.

Kubwa kuliko yote ni kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale unapotamani kuvua viatu. Usioge wala kuvuka kwa miguu mitupu, na maji ya kunywa yachemshe. Ukiyagusa maji, usikimbilie kupima siku ya kurudi, kwa kuwa mayai ya minyoo huchelewa kuonekana. Subiri wiki 6 hadi 8, kisha nenda kapime. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.