Kabla ya kununua kalipa mpya, jua ni mafuta gani yanayovuja

UMEAMKA mapema uingie steji, unakuta kalipa ya breki ya mbele imeloa mafuta. Fundi anaitupia jicho na kusema: “Hii imekufa, boss. Leta pesa ya mpya.”

Ngoja kwanza. Mafuta huteremka na upepo huyasambaza, kwa hivyo unapoyaona si lazima ndipo yanapotoka. Isitoshe, kwenye gurudumu la mbele lenye diski kuna mafuta ya aina mbili: ya breki na ya shoki.

Anzia juu. Simamisha pikipiki wima, usukani ukiwa umenyooka, uangalie kikopo cha mafuta ya breki. Kama kiwango hakijashuka na huko chini kunazidi kuloa, shuku shoki. Pangusa vile vyuma vyake vinavyong'aa, shika breki, kisha bonyeza usukani chini mara kadhaa. Ukiona mduara wa mafuta kwenye chuma, sili ya shoki ndiyo imechoka. Kalipa yako haina makosa.

Lakini usitishike kikopo kikipungua polepole kwa miezi. Pedi zikiisha, pistoni husogea nje na mafuta hujaza nafasi hiyo.

Bado una shaka? Dondosha tone la mafuta hayo kwenye kifuniko cha chupa chenye maji. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 huyeyuka ndani ya maji, ya shoki huelea. Tena ya breki hula rangi, kwa hivyo rangi iliyobambuka karibu na kalipa ni ushahidi.

Ikiwa ni ya breki, osha sehemu yote kwa maji na sabuni, ikauke kabisa. Funga tishu nyeupe kila kiungo: chini ya mkono wa breki, kwenye bolti za ncha mbili za paipu, na kwenye nipo ya kutolea hewa. Vuta breki kwa nguvu, shikilia dakika moja. Tishu itakayoloa kwanza imekuonyesha mwizi.

Ikiwa ni bolti ya paipu, huenda shida ni wosha zake za shaba tu. Weka mpya, kisha fundi atoe hewa kwenye mfumo. Mafuta yakitokea nyuma ya pedi, sili za pistoni zimeisha, na mara nyingi hizo hubadilishwa bila kutupa kalipa nzima.

Mambo mawili usikubali. Kwanza, kuongezewa oili ya injini kwenye kikopo cha breki: huvimbisha sili za mpira na kuua mfumo mzima. Pili, kuchomewa pedi zilizoloa ili “zikauke”. Nunua mpya, na usafishe diski.

Na kama mkono wa breki unazama hadi kugusa usukani, usitoke. Najua siku moja bila kazi ni deni la chakula nyumbani. Lakini ukiteremka kutoka Kangemi kuelekea Westlands na abiria mgongoni, halafu matatu isimame ghafla mbele yako, hutapata nafasi ya kumuuliza fundi ni nini kilikuwa kinavuja.