Je, Wajua? Chura Aliyepanda Ndege

Je, wajua kwamba Tanzania ina chura ambaye makao yake yote ya asili hayakuzidi sana hekta 2? Ni chura wa Kihansi, mdogo, wa manjano, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Kwingine kokote duniani hapatikani porini.

Je, wajua kwamba hatagi mayai? Anazaa. Mtoto ana urefu wa milimita 5 hivi, na ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba kiasi kwamba watoto huonekana wakiwa bado ndani.

Je, wajua kwamba alipogunduliwa mwaka 1996, bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa mtoni humo? Maji mengi yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakata. Watafiti wakatandaza mabomba korongoni wayatengeneze upya, tone kwa tone. Umeme tunauhitaji, hilo halina ubishi. Ila ni vizuri kujua bili nyingine ilikwenda wapi.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York? Huko nako walikufa kwa wingi, mpaka watunzaji walipopatia mwanga, unyevu na vijidudu vya kuwalisha. Bustani ya Toledo, Ohio, nayo ilifaulu kuwazalisha.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2003 vyura wa korongoni waliporomoka ghafla, na kuvu anayeshambulia ngozi za vyura akakutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Je, wajua kwamba walirudi? Mwaka 2010 vyura 100 walitua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakafugwa na kuzaliana. Mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa Kihansi. Kabla yao hakuna amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kisha akarudishwa kwao.

Kuvu yule bado ni tishio, naye husafiri na tope. Kwa hiyo ukibahatika kupata kibali cha kuingia korongoni, usinune ukiambiwa utie buti zako dawa kwanza.