Utafiti wa lugha ya magazeti urudishwe magazetini

Kwa muda wa majuma matatu sasa nimekuwa miongoni mwa watu watano waliopewa jukumu la kupanga vikao vya kongamano la walimu wa uanahabari na walimu wa Kiswahili. Kazi hii si ya kuonewa wivu. Mezani pangu pana rundo la ikisiri, na kila mwenye ikisiri ataka kuwasilisha makala yake siku ya kwanza, asubuhi, ukumbi ukiwa ungali umejaa. Hakuna aliyeomba saa nane mchana baada ya maakuli, wala siku ya mwisho, wakati washiriki wamekwisha kufunga mizigo na wanaulizia vyeti na nauli.

Katika kuipanga na kuipangua ratiba hiyo nimejikuta nikilikumbuka kosa langu mwenyewe, na kosa hilo ndilo linalonishikisha kalamu leo.

Miaka kadhaa iliyopita, punde tu baada ya kuhitimu shahada ya uzamifu, niliwasilisha makala kuhusu lugha ya magazeti ya Kiswahili nchini Kenya. Nilikuwa nimekusanya habari za miezi mitatu na kuzichambua sentensi baada ya sentensi. Nikaonyesha jinsi mkutano ‘ulivyochukua nafasi’ mahali fulani, maneno ambayo Mswahili huyatumia mtu anapokalia kiti cha mwenzake, wala si mkutano unapofanyika. Nikaonyesha viongozi walioafikiana ‘mwisho wa siku’ ilhali habari yenyewe yasema waliafikiana asubuhi. Nikayataja ‘masaa’, nami nilishikilia kwamba saa ni saa, iwe moja au ziwe kumi. Ukumbi ulicheka. Nikahitimisha kwa kauli ya kishujaa kwamba wanahabari wetu hawana umilisi wa Kiswahili, na kwamba dawa yao ni kurejeshwa darasani.

Nilikuwa nimetengewa dakika ishirini. Hata hivyo, kongamano lilikuwa limechelewa kuanza kwa zaidi ya saa nzima kwa kuwa mgeni wa heshima hakuwa amefika, na alipofika ilibidi atambulishwe na watu watatu, kila mmoja akisahihisha utambulisho wa aliyemtangulia. Mwenyekiti wa kikao akanisihi nitumie dakika kumi na mbili. Maswali yakafutwa. Nyuma ya ukumbi mwanamke mmoja alikuwa ameuinua mkono tangu nilipofika ukurasa wa pili. Aliushusha mwenyekiti alipotangaza chai.

Alinikuta kwenye foleni ya chai. “Mwalimu,” akaniambia kwa upole, “ile habari ya mkutano uliochukua nafasi niliihariri mimi.”

Nilijiandaa kwa ugomvi. Haukuwapo. Alitaka tu kunieleza sentensi ile ilikotoka. Taarifa ya ofisi iliyouandaa mkutano ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Msemaji alihutubia kwa Kiingereza. Ripota alinukuu kwa Kiingereza, akaiandika habari kwanza kwa ajili ya gazeti la Kiingereza la kampuni hiyo hiyo, kisha akaitafsiri mbio mbio kwa ajili ya la Kiswahili. Ilimfikia mhariri huyu msaidizi saa kumi na mbili jioni pamoja na habari nyingine nane, na kurasa zilitakiwa kuondoka saa mbili usiku. “Ile sentensi niliiona,” akasema. “Lakini nilikuwa na vichwa viwili vya habari visivyoenea kwenye safu. Nikachagua vichwa.” Kisha akaniuliza: “Na huyo ripota, mwanafunzi wenu, huko chuoni alifundishwa kuandika habari kwa lugha gani?”

Nililijua jibu, na ndiyo maana sikumjibu.

Waama, makala yangu yalikuwa sahihi kuhusu sentensi na yakakosea kuhusu watu. Kuorodhesha makosa si kuyaeleza. Nilikuwa nimekwishaamua kwamba chanzo ni ujinga wa lugha, ilhali mbele yangu alikuwa amesimama mtu mwenye Kiswahili safi kuliko changu, aliyeliona kosa kabla yangu na akakosa dakika ya kulirekebisha. Lau angelipewa nafasi ya kuzungumza ukumbini, makala yale yangelipasuliwa siku ile ile na kushonwa upya. Badala yake yalichapishwa kama yalivyokuwa katika kitabu cha kongamano, yakanisaidia kupandishwa cheo, na hakuna mjumbe yeyote wa jopo la usaili aliyeniuliza iwapo chumba cha habari kiliwahi kuyasoma.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya wasomi wanaogombania muda wa kusema. Sivyo. Gazeti ni darasa lenye wanafunzi wengi kuliko darasa langu. Mwanafunzi wa shule ya upili huliokota ‘kuchukua nafasi’ gazetini, akaliweka katika insha, mwalimu wake akalipiga mstari mwekundu. Mwanafunzi huyo akimwonyesha mwalimu gazeti, ni nani atakayeonekana amepotoka? Najua walimu wengi waliowahi kukabiliwa na swali hilo mbele ya darasa zima.

Tatizo lenyewe limejikita mbali kuliko meza ya mhariri. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawia na Kiingereza, lakini ofisi nyingi zingali zinatoa taarifa zao kwa Kiingereza pekee na kumwachia ripota kazi ya mfasiri bila ya malipo ya mfasiri. Vyuo vyetu navyo hufundisha uanahabari kwa Kiingereza. Mwanafunzi hujifunza namna ya kuifungua habari, kumnukuu msemaji na kupima uzito wa jambo, yote kwa lugha moja, kisha huajiriwa aandike kwa lugha nyingine, kana kwamba ufundi ule utajihamisha wenyewe. Hili ndilo suala ambalo mwanaisimu na mwalimu wa uanahabari wangepaswa kulikalia pamoja. Ajabu ni kwamba hawakutani. Sisi wa Kiswahili huenda katika makongamano ya CHAKITA au CHAKAMA tukasomeana makala kwa Kiswahili. Wenzetu wa uanahabari huenda katika yao wakasomeana kwa Kiingereza. Mhariri msaidizi haalikwi huku wala kule, ingawa pande zote mbili zamjadili yeye.

Jambo la watu kujadiliwa bila kupewa kiti si geni katika historia ya lugha hii. Kongamano la Mombasa la mwaka 1928 ndilo lililoamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na uamuzi huo ukapitishwa katika mji wa wasemaji wa Kimvita. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ili kuusimamia usanifishaji ilikaa miaka mingi bila ya mjumbe Mwafrika. Hata hivyo, tuwape haki yao katika jambo moja: walijua kusambaza walichoamua. Kamati ilianza kutoa jarida lake mara moja, kamusi ya Johnson ikatoka mwaka 1939, na jarida lile, baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa, ndilo ‘Kiswahili’ linalochapishwa Dar es Salaam hadi leo. Walikosa masikio lakini walikuwa na miguu. Sisi nahofia twakosa vyote viwili.

Mifano ya kupanga vikao kwa njia tofauti ipo. Kongamano la kwanza la dunia la elimu ya uanahabari lilifanyika Singapore mwaka 2007, mwaka huo huo ambao UNESCO ilitoa mitaala yake ya kielelezo ya kufundishia uanahabari. La pili likaja Afrika, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, mwaka 2010. Mbali na makala ya kawaida, makongamano hayo yamekuwa na vikundi vidogo vya mjadala ambamo watu wachache hupewa suala moja, wakakaa nalo kwa muda mrefu na hatimaye kuandika walichokubaliana. Hapo hakuna anayesoma kurasa ishirini kwa dakika kumi na mbili. Sisemi tuige kila kitu. Bajeti yetu haitoshi hata maji ya chupa. Lakini kukaa watu kumi na wawili kuizunguka meza hakugharimu chochote.

Pendekezo langu kwa kamati lilikuwa kwamba kikao kimoja, walau kimoja, kisiwe cha kusoma. Tutachukua habari moja iliyochapishwa na kuifuata kinyumenyume: ukurasa wa gazeti, nakala ya ripota, taarifa ya Kiingereza ilikotoka. Na atakayetuletea nyaraka hizo ni mwanafunzi. Wanafunzi wa uanahabari hupelekwa katika vyumba vya habari kwa mafunzo ya kazi. Huona kwa macho yao mambo ambayo mimi, kwa miezi mitatu ya kukata magazeti, sikuyaona. Wakirudi huandika ripoti ambazo husahihishwa, zikapewa alama na kutiwa kabatini. Makabati hayo, naamini, yana data nyingi kuliko makala yetu. Kwa idhini ya wahariri husika, zitolewe. Aidha, baada ya kongamano, kila makala yahusuyo lugha ya habari yafupishwe kwa Kiswahili katika kurasa mbili zisizo na istilahi za kutishia watu, kisha zipelekwe kwa wahariri kabla ya kitabu kutoka, kwa kuwa kitabu chaweza kuchukua miaka.

Si wote waliolifurahia. Mwenzangu mmoja aliuliza: kikao kisicho na makala yaliyosomwa kitahesabiwaje mtu anapoomba kupandishwa cheo? Swali lake ni la haki na mimi, niliyepanda kwa makala yenye kasoro, sina uso wa kulipuuza. Mhadhiri kijana ana familia ya kulisha na jopo la kuliridhisha. Tulibishana jioni nzima. Hatimaye tulikubaliana kwamba majina ya wote watakaoshiriki kikao kile, mwanafunzi na mhariri wakiwamo, yaandikwe juu ya ripoti yake, na ripoti hiyo ipitiwe na wasomaji wawili kama makala nyingine yoyote. Kama vyuo vitaihesabu au la, hilo bado hatulijui.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni katika chumba cha habari, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akipona. Nilimpigia simu yule mhariri msaidizi juma lililopita. Angali kazini, na angali anazikumbuka zile dakika kumi na mbili kuliko ninavyozikumbuka mimi. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba kikao kisiwe jioni, kwa sababu jioni huwa yuko na kurasa. Tumempa saa tatu asubuhi, siku ya kwanza, na mgeni wa heshima tumemwomba ahutubu saa tano, awe amefika au hajafika. Nafasi hiyo ya saa tatu ilikuwa imetengewa makala yangu. Nimeyahamishia saa nane mchana, baada ya maakuli.