VLC

VLC ni programu huria ya kompyuta inayotumika kuchezea video na muziki. Inatolewa bure na VideoLAN, shirika lisilo la kibiashara lenye makao yake Paris, Ufaransa. Inapatikana kwa Windows, macOS, Linux, Android na iOS.

Historia

Mradi ulianza mwaka 1996 katika chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, ambacho wakati huo kilikuwa Châtenay-Malabry, karibu na Paris. Mtandao wa kompyuta katika mabweni ulikuwa wa polepole. Wanafunzi, wakitafuta sababu ya kupata mtandao wa kasi zaidi, walibuni njia ya kusambaza matangazo ya televisheni kupitia mtandao huo. Zilihitajika programu mbili: seva ya kutuma video, na nyingine ya kuipokea iliyoitwa VideoLAN Client, kwa kifupi VLC.

Mwaka 1998 programu iliandikwa upya. Tarehe 1 Februari 2001 ilitolewa kwa idhini ya chuo chini ya leseni huria ya GNU GPL, na watu wa nchi nyingine wakaweza kuichangia. Toleo 1.0 lilitoka tarehe 7 Julai 2009.

Nembo yake ni koni ya barabarani ya rangi ya machungwa na nyeupe. Asili yake ni koni walizokuwa wakizikusanya wanafunzi wa chuo hicho.

Namna inavyofanya kazi

Faili la video hubanwa ili lisichukue nafasi kubwa, nalo huhitaji kodeki ili lifunguliwe. Zamani watumiaji wengi walilazimika kutafuta kodeki moja moja. VLC huja na kodeki zake ndani. Kwa kuwa ilibuniwa kupokea video kutoka mtandaoni, inaweza pia kucheza faili ambalo halijakamilika.

Suala la leseni

Mnamo Januari 2011 VLC iliondolewa katika App Store ya Apple, baada ya mmoja wa wachangiaji kulalamika kwamba masharti ya duka hilo yanapingana na GPL. Kila mchangiaji ana hakimiliki ya sehemu aliyoiandika, hivyo leseni haikuweza kubadilishwa bila ridhaa yao. Wachangiaji wengi walitafutwa na kuombwa ruhusa, na kati ya 2011 na 2012 sehemu kubwa ya msimbo ilihamishiwa leseni ya LGPL, yenye masharti mepesi zaidi. VLC ilirudi App Store mnamo Julai 2013.